Traifo ya Chokoleti na Stauti Inapogoma: Kutafuta Kosa Tabaka kwa Tabaka

Traifo ni kitindamlo chenye asili ya Uingereza kinachopangwa kwa matabaka ndani ya bakuli la kioo: keki chini, matunda juu yake, kisha kastadi, na mwisho krimu. Ile ninayoishughulikia hapa hutumia keki ya chokoleti iliyopikwa kwa stauti, yaani bia nyeusi inayotokana na shayiri iliyokaangwa, pamoja na kastadi iliyotiwa wiski, nami huipika hapa Dodoma kwa zabibu zetu wakati wa mavuno na kwa maembe yanapoingia sokoni. Kwa kuwa bakuli ni la kioo, kila kosa huonekana na mgeni hata kabla ya kuonja, na ndiyo sababu wapishi wengi hukata tamaa baada ya jaribio la kwanza.

Baada ya kuipika mara nyingi nimebaini kwamba tabaka linaloonekana kuharibika mara nyingi silo lililokosewa. Maji yaliyotuama chini ya keki yametoka kwenye matunda yaliyo juu yake. Krimu iliyoteleza imeyeyushwa na kastadi iliyomiminwa ingali vuguvugu. Na kastadi iliyoyeyuka usiku ndani ya jokofu ilikosewa jana yake mchana, dakika mbili kabla ya kuepuliwa. Kwa hiyo ukiona dalili, usikimbilie kuongeza sukari wala unga pale penye dalili, bali rudi nyuma hatua moja au mbili.

Vipimo vya kulinganishia

Ili msomaji ajue amepotoka kwa kiasi gani, natoa viwango ninavyotumia kwa bakuli la lita 3 linalotosha watu 12. Keki huchukua mililita 200 za stauti, gramu 150 za siagi, gramu 60 za kakao isiyo na sukari, gramu 250 za sukari, mililita 120 za mtindi mzito, mayai 2, gramu 220 za unga wa ngano na kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi soda. Kastadi huchukua mililita 600 za maziwa, viini 5 vya mayai, gramu 90 za sukari, gramu 30 za siagi, vijiko 3 vya chakula vya wiski, yaani mililita 45, na gramu 35 za wanga wa mahindi, ule unaouzwa madukani kwa jina la konflawa. Shira ya kulowanishia keki ni mililita 150 za stauti na gramu 80 za sukari, zilizochemshwa hadi zipungue kwa theluthi moja. Matunda ni gramu 700 baada ya kumenywa na kutolewa mbegu, na krimu ya kupiga ni mililita 400.

Kastadi ilikuwa nzito jioni, asubuhi imekuwa kama maziwa

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi kuliko nyingine zote, na ndiyo inayowachanganya watu kwa sababu kastadi ilionekana imekamilika ilipokuwa sufuriani. Chanzo chake ni kimeng'enya kiitwacho amilase, ambacho kimo ndani ya kiini cha yai na kazi yake ni kuvunjavunja wanga. Kastadi isipochemka sawasawa, kimeng'enya hicho hubaki hai, nacho huendelea kuula wanga polepole hata ndani ya jokofu, hadi uzito wote unapotea bila mtu kuigusa bakuli.

Kosa hili huzaliwa na hofu nzuri iliyowekwa mahali pasipofaa. Wapishi wamefundishwa kwamba kastadi ya mayai haipaswi kuchemka, na hilo ni kweli kwa kastadi isiyo na wanga, kwa kuwa viini vyake hukatika joto linapopita nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Lakini penye konflawa, wanga huzizuia protini za yai zisishikamane kuwa madonge, na kwa hiyo kastadi ya namna hii inaweza kuchemka, tena inapaswa kuchemka. Hapa Dodoma tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo hatuna joto la ziada la kuchezea. Subiri mapovu makubwa yanayopasuka katikati ya sufuria, si yale madogo yanayotokea pembeni, kisha endelea kukoroga juu ya moto mdogo kwa dakika 2 kamili ukitazama saa.

Ikiwa kastadi imekwisha kuyeyuka, irudishe sufuriani, koroga kijiko kimoja cha chakula cha konflawa katika maziwa baridi kidogo, uchanganye, na uichemshe kwa dakika hizo 2. Itarudi kuwa nzito na haitayeyuka tena. Wiski uliyokuwa umeitia itapoteza harufu yake katika moto huo, hivyo ongeza kijiko kimoja au viwili baada ya kuepua.

Kuna chanzo cha pili cha dalili hii ambacho watu hawakidhanii, nacho ni kijiko cha kuonjea. Mate ya binadamu yana amilase pia, na mpishi anayeonja kastadi iliyokwisha kupoa kisha akarudisha kijiko kilekile sufuriani anaipandikizia kimeng'enya ambacho hakuna moto utakaokuja kukiua. Onja kwa kijiko kingine kila mara.

Wanaotumia unga wa kastadi wa kopo hawapati tatizo la kiini, kwa sababu unga huo hauna yai. Uliundwa mwaka 1837 mjini Birmingham na Alfred Bird, mfamasia ambaye mke wake hakuweza kula mayai, na kimsingi ni wanga wa mahindi wenye rangi na ladha. Ikiwa kastadi yako ya kopo ni nyepesi, basi unga ulipungua, haikuchemka vya kutosha, au kijiko kile cha kuonja kimehusika.

Chanzo cha tatu ni mkono. Kastadi ya wanga ikishapoa huwa imeshikana kama jeli laini, na ukiipiga kwa nguvu kwa mchapo, yaani kile chombo cha waya cha kupigia mayai, ili kuilainisha kabla ya kuipanga, unaukata ule mshikano na haurudi. Igeuze kwa mwiko mara chache tu, kwa upole.

Kastadi imekatika

Kastadi iliyokatika huonyesha chembechembe kama za mayai ya kuvuruga, zikiwa zinaelea katika maji ya njano. Mtu husema moto ulikuwa mkali, na mara nyingine ni kweli, lakini kabla ya kulaumu moto chunguza maziwa. Maziwa mabichi yanayoletwa mjini asubuhi na kununuliwa saa saba mchana, hasa mwezi wa Oktoba na Novemba joto linapokuwa kali, yanaweza kuwa yameanza kuchachuka bila harufu kuonekana, na uchachu huo mdogo huyakata mara yanapopata moto. Chemsha kwanza vijiko viwili vya maziwa hayo katika kikombe cha bati. Yakikatika, yaache yawe mtindi na utafute mengine. Gharama ya jaribio hilo ni dakika moja, na linaokoa mayai matano.

Maziwa yakiwa salama, tazama namna ulivyochanganya viini. Viini vikimiminwa moja kwa moja katika maziwa ya moto huiva papo hapo kabla havijasambaa. Koroga viini na sukari na konflawa pamoja, kisha umimine juu yake maziwa ya moto kidogokidogo huku ukipiga kwa mchapo bila kusimama, ndipo urudishe vyote motoni. Na tazama wakati ulipotia wiski, kwa maana kilevi kikali kikimwagwa kwa wingi ndani ya kastadi inayochemka hukaza protini za maziwa na yai pale kinapoangukia.

Kastadi iliyokatika kidogo tu huokolewa kwa kuepuliwa haraka, kupigwa kwa mchapo ingali ya moto na kupitishwa kwenye chujio la matundu madogo. Iliyokatika sana na kunuka yai lililopitiliza haiokoki, nami nashauri uanze upya, kwa kuwa wiski haitaficha harufu hiyo bali itaiinua.

Mabonge na utando

Mabonge hutokana na konflawa iliyogusana na kitu cha moto kabla ya kulowa katika kitu baridi, chuja, uendelee. Utando mgumu juu ya kastadi hutokana na uso wake kukauka, jambo ambalo hewa kavu ya kipupwe hapa kwetu huliharakisha. Funika kwa karatasi ya nailoni inayogusa uso wenyewe wa kastadi, wala isikae juu ya ukingo wa bakuli.

Kastadi imekuwa ya kijivu

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na mchapo wa chuma unapoikwangua alumini kwa dakika kumi mfululizo, chembe ndogo mno za madini hayo huingia katika kastadi na kuifanya iwe na rangi ya majivu. Stauti nayo ina asidi, na ikichemshwa katika alumini tupu kwa muda mrefu huchukua ladha ya chuma. Tumia sufuria ya chuma cha pua au iliyopakwa enameli. Ukikosa, tumia mwiko wa mti na usikwangue.

Usichanganye kijivu na weupe. Mayai ya kuku wa kisasa mara nyingi huwa na viini vilivyofifia kutokana na chakula wanachopewa, na kastadi yake hutoka nyeupe ingawa imeiva vizuri. Mayai ya kienyeji hutoa rangi ya dhahabu, lakini viini vyake ni vidogo, kwa hiyo weka 6 au 7 badala ya 5. Mimi hupendelea kuchanganya, ya kienyeji manne na ya kisasa mawili, kwa sababu rangi ya kastadi kando ya weusi wa keki ndiyo inayofanya bakuli la kioo liwe na maana.

Wiski haisikiki, au inachoma koo

Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, chini kabisa ya joto la kastadi iliyo motoni, na harufu za wiski huondoka pamoja nacho. Aliyetia wiski wakati kastadi inachemka amewanukishia majirani. Epua, tia siagi, koroga hadi iyeyuke, acha kastadi ipoe hadi uweze kushika ubavu wa sufuria kwa kiganja bila kuondoa mkono, ndipo utie wiski kijiko kimoja kimoja.

Ikiwa inachoma, huenda umezidisha, au umeionja mapema mno. Kastadi iliyotiwa wiski sasa hivi huwa kali, na baada ya usiku mmoja ndani ya jokofu ukali huo hutulia na kuacha harufu ya pipa la mwaloni, vanila na moshi kidogo. Mafuta ya siagi na ya viini huchukua sehemu ya ukali huo, kwa hiyo anayepunguza viini kwa kubana matumizi asishangae wiski ikijitokeza zaidi. Watu wameniuliza kama wanaweza kutumia Konyagi badala yake. Inawezekana, lakini Konyagi ni kinywaji kisicho na rangi ambacho hakina ladha ya pipa, nayo italeta ukali bila ule utamu wa mti unaotafutwa. Ukiitumia, punguza hadi vijiko 2 na uongeze vanila.

Traifo nzima ni chungu

Hapa lazima utofautishe aina za uchungu, kwa kuwa kila moja ina mlango wake. Uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na kudumu hutoka kwenye stauti iliyochemshwa kupita kiasi. Uchungu wa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake, na wa shayiri iliyokaangwa hauvukizwi, bali maji ndiyo yanayoondoka, na kila unavyoipunguza shira ndivyo unavyoukoleza. Theluthi moja inatosha. Ukiipunguza hadi ishikamane na kijiko kama asali umekwisha kuvuka, na sukari zaidi haitaiponya. Tupa shira hiyo, utengeneze nyingine. Chembe ya chumvi, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, hutuliza uchungu mdogo vizuri zaidi kuliko sukari, nami huitia kila mara.

Uchungu wenye harufu ya kuungua hutoka kwenye keki, hasa iliyookwa kwa mkaa juu na chini. Njia hiyo ya sufuria yenye mchanga na makaa juu ya mfuniko ni nzuri na imelisha harusi nyingi, lakini keki ya kakao ni nyeusi tangu mwanzo, kwa hiyo jicho haliwezi kuona inapoanza kuungua. Weka makaa mengi juu kuliko chini, anza kuichoma kwa kijiti baada ya dakika 30, na ikishapoa kata ganda lote la chini kabla ya kuipanga. Katika oveni, nyuzi 175 kwa dakika 40 zinatosha kwa chombo cha sentimita 23.

Ladha inayofanana na sabuni ni jambo la tatu. Bekingi soda huhitaji asidi ili itulie, na katika keki hii asidi hutoka kwenye stauti, mtindi na kakao ya kawaida. Kuna kakao iliyotibiwa ili iwe nyeusi zaidi na isiwe na asidi, na anayeitumia pamoja na maziwa matamu badala ya mtindi anabaki na soda isiyo na mwenzake. Vilevile, magadi ya kupikia maharage hayafai kabisa kuchukua nafasi ya bekingi soda. Kakao ya Kyela iliyosagwa bila kutibiwa inafaa sana kwa kazi hii, na nafurahi kila ninapoipata.

Keki imebonyea katikati

Kwa traifo hili si msiba, kwa kuwa keki itakatwa vipande. Sababu yake kwa kawaida ni soda iliyozidi, kwani kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi na keki huumuka haraka kuliko inavyoweza kujishikilia. Anayefuata vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani apunguze soda kwa robo.

Jambo lenye uzito zaidi ni kupanga keki ikiwa mbichi ya siku ileile. Keki hii ina unyevu mwingi, na ikilowanishwa siku ilipookwa hugeuka matope. Ioke siku moja kabla, ikate vipande vya sentimita 3, na uvitandaze kwenye sinia bila kuvifunika. Kati ya Juni na Oktoba, upepo mkavu wa Dodoma hufanya kazi hiyo kwa saa 3 au 4. Wakati wa masika virudishe katika oveni ya moto mdogo kwa dakika 10. Kisha nyunyizia shira kwa kijiko, vijiko 6 hadi 8 kwa keki yote, ukiacha iliyobaki iende mezani katika birika dogo.

Povu la stauti nalo huwadanganya watu katika kupima. Mimina stauti kwenye kikombe cha kipimo na uiache dakika 15 hadi povu liishe, la sivyo mililita 200 zako zinaweza kuwa 140. Na usitie sukari au kakao ndani ya stauti inayochemka katika sufuria ndogo, kwa maana gesi yote iliyobaki itatoka kwa mkupuo na kumwagikia jiko.

Maji yametuama chini, na matabaka yameingiliana rangi

Ukiona kidimbwi cha rangi ya zambarau chini ya keki, chanzo ni matunda. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na matunda yaliyokatwa na kunyunyiziwa sukari yakapangwa papo hapo yatatoa maji hayo usiku kucha ndani ya bakuli lako. Nyunyizia sukari vijiko 2, acha saa nzima katika chujio lililo juu ya bakuli jingine, kisha panga matunda na uitumie juisi iliyochuruzika ndani ya shira badala ya sehemu ya stauti. Ukikubali hatua hii moja, nusu ya matatizo ya traifo hayatakufikia.

Zabibu zinahitaji maneno yake. Zao hili lilianzia huku kwa wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, na leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, jambo ambalo nchi nyingi zinazolima mizabibu haziwezi kulipata. Lakini zabibu nyingi nyekundu za Makutupora na Hombolo hulimwa kwa ajili ya mvinyo, zina mbegu, na ngozi yake ni ngumu kuliko ya zabibu za kula. Mbegu iliyopasuliwa kwa meno ni chungu, na wageni wengi watadhani kosa ni la stauti. Kata kila zabibu katikati na utoe mbegu kwa ncha ya kisu. Ni kazi ya dakika 40 kwa nusu kilo, na haina njia ya mkato. Anayetaka kuondoa ugumu wa ngozi azipitishe zabibu kwenye sufuria yenye kijiko cha maji kwa dakika 3, zipoe, zichuje. Panga nusu za zabibu zikiwa zimegeuzia ngozi kwenye kioo, kwa sababu upande uliokatwa ndio unaotoa rangi.

Yapo matunda ambayo hayapaswi kuingia yakiwa mabichi, nami nililijua hili kwa hasara. Kwa sherehe ya kumuaga bibi harusi mtarajiwa huko Ihumwa niliwahi kutumia nanasi bichi, tamu na safi, na kesho yake mpaka kati ya matunda na kastadi ulikuwa umeoza kwa sura, majimaji na uchungu, ingawa kila kitu kilikuwa kimepikwa kwa uangalifu. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na papai, hasa lisiloiva vizuri, lina papaini. Vyote viwili hukata protini za maziwa na mayai, na vipande vya protini vilivyokatwa huwa vichungu ulimini. Moto huviua. Chemsha vipande vya nanasi kwa dakika 5, au tumia la kopo, ambalo limekwisha kupita kwenye moto kiwandani. Pesheni halina tatizo hilo, lakini asidi yake hukata maziwa, kwa hiyo liende kwenye shira, lisigusane na kastadi. Embe na ndizi ni salama. Ndizi hukatwa dakika za mwisho kwa kuwa huwa nyeusi.

Kama maji si ya zambarau bali ni meupe na yamejitenga juu ya matunda, basi kastadi yenyewe inatoa jasho. Hutokea kwa aliyeiweka bakuli kwenye sehemu ya kugandishia ili ipoe upesi. Jeli ya wanga iliyoganda barafu ikayeyuka hukamua maji yake kama sifongo, na haina tiba.

Krimu haisimami

Krimu hupigika kwa sababu ya mafuta yaliyoganda, na mafuta hayo yakipata joto huwa laini kiasi cha kutoweza kushika hewa. Soma kwanza pakiti: krimu ya kupiga ina mafuta asilimia 30 au zaidi, na ile ya kupikia yenye asilimia 20 hivi haitasimama hata ukiipiga hadi usiku. Iweke krimu katika jokofu usiku mzima, weka bakuli na michapo kwenye sehemu ya kugandishia kwa dakika 20, na uipige alfajiri, kabla jiko halijawashwa. Ikianza kuonyesha chembe na kugeuka njano, inaelekea kuwa siagi. Simama, ongeza vijiko 2 vya krimu ya maji na uigeuze kwa mkono. Krimu ya unga inayochanganywa na maziwa baridi huvumilia joto vizuri zaidi, na sioni aibu kuitumia kwa sherehe ya nje, ila kwa kuwa ina sukari nyingi usiongeze nyingine.

Krimu iliyosimama vizuri kisha ikazama ndani ya bakuli ni kosa la kastadi iliyo vuguvugu. Kastadi iguswe na iwe baridi kweli, baada ya saa 4 katika jokofu, kabla ya kupokea krimu. Pia usimimine kastadi ya moto ndani ya bakuli la kioo lililotoka katika baridi, kioo hupasuka.

Vipande vya chokoleti vya kupamba vikionyesha weupe kama vumbi, hiyo si kuvu. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, joto ambalo duka lenye paa la bati hulifikia kirahisi, na yakipoa tena hujitokeza juu. Ni salama, ikune, haitaonekana.

Umeme umekatika usiku

Jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, traifo ni salama. Muda huo ukipita na bakuli likawa halina baridi, usiipeleke mezani, hata kama harufu ni nzuri, kwa kuwa maziwa na mayai huzalisha vijidudu kabla havijanuka, na kiasi hiki cha wiski hakiwezi kuvizuia. Mezani isizidi saa 2, na katika joto la mchana linalopita nyuzi 32 isizidi saa 1. Kwa safari, panga keki, matunda na kastadi nyumbani, beba krimu kando ndani ya kasha la barafu, na uipake ukifika.

Kwa wasiotumia kilevi

Kuoka keki hakuondoi kilevi chote cha stauti, na wiski ya kastadi haipikwi kabisa. Mwambie kila mgeni kabla hajachukua sahani, na uwe na bakuli la pili kwa ajili ya watoto, wajawazito, Waislamu, walokole na yeyote asiyependa, likiwa na mwiko wake. Badala ya stauti tumia kahawa nyeusi nzito kwa kipimo kilekile, na badala ya wiski tumia vanila na asali.

Bakuli hili la pili nalo lina ugonjwa wake. Mpishi aliyepata asali nzuri ya nyuki wa Manyoni huitia mwishoni, kastadi ikiwa imepoa, kama alivyotia wiski katika lile la kwanza, na asubuhi anakuta kastadi imelegea. Asali mbichi ina amilase yake yenyewe, iliyotoka kwa nyuki. Ichemshe asali pamoja na maziwa tangu mwanzo, vijiko 2 vya chakula, upunguze sukari hadi gramu 60, na uhesabu dakika zilezile 2 baada ya mapovu ya katikati.